Benchi la Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia wodi ya watoto pale Kasulu nikiwa na viatu vyeupe ambavyo vumbi la barabarani lilikuwa limeshavigeuza rangi ya matofali. Metroni, yaani mkuu wa wauguzi wote wa hospitali, alivitazama viatu, akanitazama usoni, akasema, "Rudi nje ukavifute. Wagonjwa wangu hawakuja hapa kuangalia shamba." Nikarudi nje nikavifuta kwa jani la mgomba. Jina langu ni Skolastika, lakini tangu wiki ile nikawa Sista Skola. Nyuma ya mgongo wangu waliniita Sista Pilipili, na sikatai, walikuwa na sababu.

Kabla sijamaliza kuonyeshwa kabati la dawa, baba mmoja akaingia mbio na mtoto wa kike mikononi. Mtoto amekakamaa, macho yamegeuka juu, mate yanamtoka, mikono na miguu inapiga pamoja. Degedege. Nikaruka kwenda kumshika. Metroni akanidaka kiganja.

"Unakwenda wapi?"

"Kumshika, Metroni."

"Ukimshika ndiyo itaacha? Mlaze ubavu, mate yatoke. Halafu tazama saa."

Saa zetu tulizibana kifuani kwa pini, zinaning'inia kichwa chini ili uisome yako ukiinamisha macho. Nikamlaza mtoto ubavu, nikatazama saa, huku moyo unanienda mbio kuliko huo mshale wa sekunde. Metroni akanifundisha palepale, kwa sauti ya mtu anayepika uji. Degedege nyingi hupita zenyewe kabla hujapata hata kuvunja ampuli, kile kichupa kidogo cha dawa. Ile inayovuka dakika tano ndiyo ya kuogopa, maana haina nia ya kuacha, na kadiri inavyokaa ndivyo ubongo unavyoumia na ndivyo dawa inavyoshindwa. "Muuguzi asiyetazama saa," alisema, "kila degedege kwake ni ndefu, na kila mtoto atamjaza dawa." Ya mtoto yule ikapita yenyewe kabla hajamaliza kusema.

Dawa yetu ya siku hizo ilikuwa paraldehaidi. Vijana, hamkuijua, na pua zenu zishukuru. Ilikuwa na harufu kali inayokaa kwenye pazia, kwenye nywele, kwenye chai. Mtoto akipewa, pumzi yake inanuka hadi kesho yake. Ilikuwa inakula plastiki, kwa hiyo tuliivuta kwa bomba la sindano la kioo, ambalo tulilichemsha kwenye jiko la mafuta ya taa na kulisubiri lipoe, wakati mama wa mtoto anapiga mayowe kwamba tunapika nini. Marehemu mume wangu alikuwa ananipokea mlangoni na kuniambia, "Leo umekuja na yule mwenzio." Basi nikisikia harufu inayofanana nayo leo, hata ya rangi mbichi ya mlango, namkumbuka yeye kwanza, kisha lile jiko, kisha Metroni. Natamani vyote vitatu, harufu pamoja.

Barua ya uhamisho ilinikuta nimeshaanza kujiona bingwa. Nikapelekwa Kibondo. Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi kumiminika kutoka Burundi na Kongo, na wilaya ilikuwa kubwa kuliko sasa, maana Kakonko bado ilikuwa ndani yake. Wagonjwa walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa machela za miti. Mganga Mfawidhi wetu, yaani daktari mkuu wa kituo, alikuwa mrefu, mkimya, anayeandika sana na kusema kidogo. Mwezi wa kwanza aliniambia neno moja tu la maana: "Sista, una mikono mizuri na mdomo mbaya."

Mikono mizuri ilikuwa kweli, acha nijisifu. Kwa wakati huo tulikuwa tumepata diazepamu, ambayo sisi tulizoea kuiita valiamu, na nilikuwa naweza kuupata mshipa wa mtoto anayetikisika kama kifuniko cha sufuria. Ukishaupata, unasukuma dawa polepole, macho kwenye kifua chake. Ukiukosa mshipa huhangaiki: unatoa sindano, unaipitisha dawa njia ya haja kubwa kwa bomba tupu, unabana makalio isirudi. Degedege ikikaa dakika kumi zaidi, unarudia mara moja. Mara moja tu. Baada ya hapo unahamia dawa nyingine, fenobabitoni, kwa sababu valiamu ina ubaya wake: ikizidi inamsahaulisha mtoto kupumua. Na ukiichoma kwenye msuli wa paja, kama zahanati nyingi zilivyokuwa zikifanya, inachelewa kuingia. Inajificha humo, halafu inatoka kwa wakati wake, wewe umeshaisahau.

Haya yote niliyajua. Niliyajua siku ile kama ninavyoyajua leo.

Ilikuwa asubuhi, mvua imetoka kunyesha. Wakaja wanawake wawili kutoka upande wa Kakonko, wamelowa. Mmoja binti mdogo mwenye mtoto wa kiume mgongoni, mtoto anaitwa Zabroni. Wa pili mama mtu mzima, fimbo mkononi, ambaye nilimwona mara moja kuwa ni mama mkwe, kwa jinsi binti alivyokuwa hapumui vizuri mbele yake. Zabroni alikuwa anapiga degedege tangu njiani. Nikamlaza, nikatazama saa, nikapaza sauti yangu ile ya Pilipili, wodi nzima inasikia:

"Mmetoka wapi saa hizi? Mlikuwa mnasubiri afe? Amechomwa sindano huko mlikotoka? Jibuni!"

Binti akatazama chini. Mama mkwe ndiye aliyejibu, akiigonga fimbo sakafuni. "Sindano? Mjukuu wangu hachomwi sindano. Degedege haichomwi."

Nikamgeukia binti. "Eti?"

"Hajachomwa," akasema, bado anatazama sakafu.

Sasa mimi ni Muha, binti wa Waha. Nimekua nikiambiwa hivyohivyo, kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Na haya hayakuzuka hewani. Wazee wetu waliona watoto wanapelekwa hospitali wameshachoka kabisa, wanachomwa, wanakufa, basi wakailaumu sindano. Nilipaswa kujua kwamba hakuna mkwe wa Kiha, mwenye akili timamu, atakayekiri mbele ya mama mkwe kuwa amempitisha mjukuu kwenye sindano. Nilipaswa kujua kuliko daktari yeyote aliyetoka mbali. Lakini nilikuwa na haraka, na nilikuwa najipenda na mikono yangu.

Nikaupata mshipa. Valiamu ya kwanza. Dakika kumi, bado anapiga. Valiamu ya pili. Degedege ikaacha, nikageuka kwa maringo nioshe mikono, na nikiwa bado sijafungua bomba la maji nikahisi wodi imenyamaza vibaya. Nikageuka. Kifua cha Zabroni hakipandi.

Jamani! Nilimrukia mtoto yule. Tulikuwa na mfuko wa kupumulisha, ule wa mpira wenye kifuniko cha uso, tunauita ambu. Nikamwinua kidevu, nikambana kifuniko, nikaanza kuminya. Minya, achia. Minya, achia. Mganga Mfawidhi akaja, akasikiliza moyo, akasema, "Moyo upo. Usiache." Sikuacha. Vidole vikaniingia ganzi, akataka kunipokea, nikakataa. Nilikuwa nasali kwa Kiha, na mimi kazini nilikuwa sisali hata kwa Kiswahili. Mama mkwe alikuwa anapiga kelele mlangoni, "Sindano! Si nilisema? Mmemuua kwa sindano!" Na binti amekaa sakafuni, ameziba mdomo kwa khanga yake.

Jua lilikuwa limeshakausha madimbwi ya uani Zabroni alipovuta pumzi yake mwenyewe. Kwanza moja, kama mtu anayeshtuka usingizini. Kisha nyingine. Nikakaa chini palepale nikalia, Sista Pilipili mimi, mbele ya wagonjwa.

Siku ya pili yake binti alinifuata kwenye bomba la maji nyuma ya wodi. Akapiga magoti. "Sista, nisamehe. Alichomwa. Jana yake mama mkwe alikuwa kwa jirani kwenye msiba, nikambeba hadi zahanati, wakamchoma pajani. Na alfajiri ya siku ile ya kuja pia, tulipopita pale. Nilimwambia mama mkwe naenda kuomba maji, nikamwingiza mtoto kwa mlango wa nyuma."

"Kwa nini hukusema? Nilikuuliza!"

Akanijibu taratibu, na hakuwa na jeuri hata kidogo. "Uliniuliza mbele yake, Sista. Na ulikuwa unafoka."

Nikafunga bomba, ndoo ilikuwa imeshajaa na kumwagika.

Mganga Mfawidhi alikuwa ameshaandika kwenye faili kuwa mama wa mtoto alificha habari. Nilikaa na jambo hilo siku mbili, nikitafuta namna ya kuliacha lipite. Binti yule alikuwa hajui kusoma, asingejua kilichoandikwa. Siku ya tatu nikamfuata Mganga Mfawidhi ofisini nikamweleza yote, pamoja na sauti niliyoipaza. Akavua miwani. "Basi hakuficha," akasema. "Ulimwuliza mahakamani, Sista, na hakimu amesimama karibu yake ana fimbo." Akalikata lile neno kwenye faili kwa kalamu yake, akaniambia niandike mwenyewe kilichotokea, kwa jina langu. Niliandika. Zabroni aliondoka wiki ile akitembea mwenyewe, ameshika khanga ya mama yake, na mama mkwe alinipita bila kuniaga. Haki yake.

Kambini kwa wakimbizi, ambako tulikwenda kusaidia mara kwa mara, kulikuwa na muuguzi Mkongomani, Anselmi, mtu mpole mno. Aliniita masere, kama kwao wanavyowaita watawa. Nilipomsimulia habari ya Zabroni hakushangaa. Akanionyesha alichokuwa anafanya yeye: kila mtoto aliyepewa dawa ya degedege alibandikwa kipande cha plasta kwenye paji la uso, kimeandikwa dawa gani, njia gani, saa ngapi. Nikamwuliza, kwani barua za rufaa hazitoshi?

"Karatasi inapoteaka, masere," akacheka. "Wanaifungiaka ndani ya kikwembe, mvua inanyesha. Lakini kichwa ya mtoto haipoteake."

Plasta yeye aliita sparadra, na kikwembe ni kitenge. Niliichukua hiyo sparadra yake nikarudi nayo Kibondo, na miaka ile nikawa nawabandika watoto mapaji hadi wenzangu wakanicheka kwamba naandika majina kama kwenye madaftari.

Niliporudishwa Kasulu kuwa msimamizi wa wodi ya watoto, Metroni wangu alikuwa ameshastaafu. Mimi ndiye niliyewarudisha sasa wasichana nje wakafute viatu. Na jambo la kwanza nililoagiza lilikuwa benchi. Fundi akalitengeneza kwa mbao nzito, nikaliweka nje ya mlango wa wodi, upande wa kivuli. Nikatoa amri: mtoto wa degedege akiingia, anaingia na mama yake tu. Bibi, shangazi, baba mkwe, wote kwenye benchi. Muuguzi mmoja anamlaza mtoto ubavu na kutazama saa. Wa pili anachuchumaa karibu na mama, chini, sikioni, anamwuliza kwa sauti ndogo: pole mama, umetokea wapi, umempitisha wapi, amepewa nini, hatumwambii mtu. Hakuna kufoka. Atakayefoka atanikuta mimi, na mimi nitafoka.

Wabibi walilichukia benchi lile! Mmoja kutoka Buhigwe alikataa katakata kulikalia, akasimama kutwa nzima kwa mguu mmoja na mwingine, akinitukana kwa Kiha kilichopangika vizuri sana. Watu wakalipa jina: benchi la mama mkwe. Lakini mle ndani mama vijana walifunguka. Huyu kapita zahanati, huyu kapita duka la dawa, huyu kampa vidonge vya jirani. Tulijua tunaongeza juu ya nini, tukaandika kwenye plasta na kuzifundisha zahanati nazo ziandike, na ile ambu ilikuwa inaning'inia karibu na kitanda, siyo kabatini.

Nilistaafu kwa keki na vitenge na hotuba ndefu zilizosema mimi ni mama wa wote. Naishi hapahapa Kasulu mjini, nina migomba, nina kuku wasiosikia. Mwanangu analima Titye na mkewe Grasiana, ambaye wazazi wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi na sasa ni raia wenzetu. Msichana mchapakazi, mwenye haya. Wana mtoto mmoja, Neema, wa miaka mitatu.

Wakati wa kiangazi kilichopita, kama saa tano asubuhi, bodaboda ikasimama uani. Grasiana akashuka na Neema kifuani. Hata hajanisalimia vizuri, mtoto akakakamaa mikononi mwake, macho juu. Nikamchukua, nikamlaza ubavu kwenye mkeka, nikatazama saa. Mikono ilikumbuka kila kitu. Mdomo nao ukakumbuka.

"Homa tangu lini? Mbona umekawia? Umempa nini? Usiniambie umempeleka pale zahanati kwenu kwa wale watoto wasiojua kushika sindano!"

"Hapana, mama. Sijampa kitu."

Dakika tano zikapita, anapiga. Tukaingia kwenye bajaji. Njia nzima nimempakata Neema ubavu, namfuta mate, na ninamwambia dereva maneno ambayo padri wangu asiyasikie. Wodini alitupokea muuguzi kijana, Hadija, wa familia moja ya wenye maduka hapa mjini. Nikamkabidhi mtoto na maelezo kamili, kama zamani: "Miaka mitatu, homa, degedege zaidi ya dakika kumi na tano, hajapewa kitu chochote. Mwekee mshipa, valiamu sasa hivi."

Alikuwa ameshamlaza, ameshamwekea oksijeni. Akageuka. "Shikamoo, bibi. Naomba utupishe kidogo, ukae pale nje."

"Marahaba. Utupishe nini? Mimi ni Sista Skola! Benchi hilo nimeliweka mimi!"

"Ninakufahamu, bibi," akasema kwa upole, akiwa tayari ameshika mpini wa mlango. "Ndiyo maana nakuomba."

Mlango ukafungwa. Mimi huyo nje. Nilisimama kwanza, kama yule wa Buhigwe. Kisha nikakaa. Wapendwa, benchi lile ni gumu. Miaka yote sikuwahi kulikalia. Halina pa kuegemea, na mlango uko karibu kiasi kwamba unasikia viatu vinatembea lakini husikii neno. Nilikasirika. Nikamtukana Hadija moyoni, nikawatukana waliomfundisha, hadi nikakumbuka ni akina nani. Halafu hasira ikaisha ikabaki hofu tupu. Neema wangu. Nikahesabu dakika kwenye saa ya mkononi, nikaomba kwa Kiha.

Hadija alipotoka alikuwa na jasho, lakini uso umelegea. "Ametulia, bibi. Anapumua vizuri."

"Valiamu ngapi?"

"Sijampa hata moja. Nimepima sukari, ilikuwa chini kabisa. Malaria imeimaliza. Nimempa sukari ya mshipa, degedege ikaacha. Na ningempa valiamu, bibi, ingekuwa ya pili leo, juu ya fenobabitoni."

Sukari. Tangu uani kwangu hadi hospitali sikuiwaza sukari hata mara moja, na zamani niliwafokea wasichana kwa kosa hilohilo.

"Fenobabitoni ipi?" nikauliza.

Akanifungulia mlango.

Neema amelala, midomo imerudi rangi yake. Kwenye paji la uso amebandikwa plasta mbili, mwandiko wa watu wawili. Moja safi, ya Hadija, ya sukari. Ya pili ilikuwa imekunjamana, imebanduliwa mahali na kubandikwa upya, na kalamu imefifia: diazepamu, haja kubwa, saa tatu na nusu. Fenobabitoni, paja, saa nne kasoro robo. Zahanati, Titye.

Wale watoto wasiojua kushika sindano walikuwa wamefanya kila kitu sawasawa. Walimpa dawa, wakaandika, wakambandika, wakamwambia awahi hospitali. Grasiana ndiye aliyeibandua plasta njiani, akaificha ndani ya kitenge, kwa sababu asingeweza kuipita nyumba ya mama mkwe bila kuingia, na alijua nitakachosema nikiiona.

Alikuwa amesimama pembeni ya kitanda, anatazama sakafu. Niliijua namna ile ya kutazama sakafu. Niliiona Kibondo.

"Mama, nisamehe," akasema.

Nilitaka kusema mengi. Kwa kweli mdomo ulishafunguka. Lakini nilichopata kusema ni, "Uliwaambia wauguzi mwenyewe?"

"Niliwaambia, nikawapa na plasta. Hadija alichuchumaa akaniuliza polepole."

"Basi ahsante, mwanangu. Umemwokoa mtoto wetu. Na mimi nisamehe."

Akainua macho akanitazama. Sidhani alikuwa amewahi kunitazama sawasawa tangu aolewe.

Jioni daktari wa zamu alipita na faili, akamsogelea Grasiana aanze kumwuliza maswali. Nikachukua kikapu changu, nikamgusa Neema mguu, nikaenda kukaa kwenye benchi kabla sijaombwa.